Risala kwa Mgeni Rasmi: Uhakiki wa Maandishi ya Vyama vya Wanafunzi katika Chuo Kidogo

Wahakiki wa fasihi yetu wamezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi. Na wahakiki wa maandishi ya Kanisa wamezoea kushughulika na mahubiri, liturujia na nyimbo. Ni nadra kumwona mtu ameketi na faili la chama cha wanafunzi, akizisoma karatasi zake moja baada ya nyingine kwa uangalifu uleule ambao angeutumia kwa diwani ya mashairi. Katika makala hii tunakusudia kufanya hivyo. Mchungaji huandika mengi katika maisha yake ya utumishi, lakini mkono wake wa kuandikia hadharani hukunjwa mapema, angali mbichi. Haukunjwi darasani tu, ambako humwandikia mwalimu mmoja anayetafuta makosa. Hukunjwa pia katika chama, ambako kwa mara ya kwanza huandika kwa niaba ya wenzake na kusomwa na watu asiowajua.

Faili tulilolisoma ni la chuo kimoja kidogo cha Kanisa mkoani Singida. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa tusemayo juu yake yanavihusu vyuo vingi, na si haki kimoja kibebe mzigo wa wote. Kiko mbali na barabara ya lami, kati ya mashamba ya alizeti na yale majabali ambayo kila aliyepita Singida huyakumbuka. Wanafunzi wake hawafiki mia mbili. Vyama vyao ni kumi na kimoja: serikali ya wanafunzi, chama cha taaluma, cha mdahalo, cha historia, cha mazingira, cha michezo, kwaya mbili, ushirika wa maombi, umoja wa wanafunzi wanawake, na chama cha kufaana katika misiba. Kila chama kina katiba, na kila katiba ina nafasi za uongozi zipatazo nane, kuanzia mwenyekiti hadi mjumbe wa kamati tendaji. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba karibu kila mwanafunzi wa pili ni kiongozi. Waongozwao ni haba.

Tuseme kwa kupita kwamba zamani baadhi ya vyama hivi viliitwa klabu. Mzee mmoja wa usharika wa jirani alitusimulia, huku akicheka, kwamba jina hilo liliachwa kwa sababu vijijini klabu ni mahali pa kunywea pombe ya kienyeji, na baba mmoja aliyepata barua kwamba binti yake amechaguliwa kuwa katibu wa klabu alifunga safari kuja kumchukua.

Ndani ya faili hilo mna katiba, orodha za ada, barua za kuomba ruhusa, daftari tatu za mihtasari, na risala kumi na tisa. Hizo risala ndizo zilizotushughulisha zaidi. Kwa hakika, ukiondoa katiba, ambazo zimenakiliwa kutoka chama hadi chama kiasi kwamba katiba ya chama cha mazingira bado ina kifungu kinachotaja jezi, risala ndiyo maandishi pekee ambayo vyama hivi huyatunga kwa bidii, huyasahihisha, huyapiga chapa, na kuyahifadhi. Tukiuliza vyama vya wanafunzi vimeipa fasihi yetu nini, jibu la faili ni moja: risala.

Tuitazame basi kama tunavyotazama utanzu wowote. Risala ina umbo thabiti kuliko hata utenzi. Hufunguliwa kwa kumtaja mgeni rasmi, kisha wakubwa wa chuo kwa kufuata vyeo vyao, kisha wachungaji, wazee, wazazi, na mwisho kabisa wanafunzi wenzake msomaji, ambao ndio anaowasemea. Hufuata shukrani: kwa Mungu aliyetupa uhai, kwa mgeni aliyeacha shughuli zake nyingi. Halafu historia fupi ya chama, ambayo aghalabu ni tarehe ya kuanzishwa na idadi ya wanachama. Halafu mafanikio. Halafu changamoto, ambazo katika risala za zamani zaidi ziliitwa matatizo, jina ambalo sisi tunalipendelea kwa kuwa halijipaki mafuta. Halafu maombi. Mwisho, kauli ya kukiri kwamba penye wengi hapakosi upungufu, na kwa hiyo mgeni asamehe.

Katika umbo hili yote hutangulia ili kuyaandalia maombi njia. Katika risala kumi na tisa tulizozisoma, kumi na saba zimetenga nafasi kubwa kuliko zote kwa maombi: mashine ya kudurufu, mipira, vitabu, sare za kwaya, jenereta, kompyuta, usafiri. Hatuyacheki maombi haya. Anayejua hali ya vyuo vyetu anajua kwamba kila kitu kilichoombwa kilihitajika. Lakini tunaposoma kama wahakiki tunaona jambo ambalo msikilizaji chini ya turubai siku ya mahafali halioni. Hata yale mafanikio yameandikwa kwa namna ya maombi. Chama cha taaluma chaandika kwamba mwaka huo kilifanya midahalo mitatu na semina mbili, na mara moja chaongeza kwamba kingefanya zaidi kama kingekuwa na vitendea kazi. Midahalo ilikuwa juu ya nini? Nani alishinda, kwa hoja ipi? Je, yuko aliyebadili mawazo? Risala haisemi, kwa maana mgeni rasmi hakuja kusikia hayo. Kazi imehesabiwa, haikusimuliwa.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Wako wanaodharau risala na kuiita porojo. Sisi si miongoni mwao. Mwanafunzi aliyekulia nyumba inayosema Kinyiramba au Kinyaturu, ambaye Kiswahili chake cha shule ni cha kujibu maswali, hujifunza katika risala kusimama mbele ya watu mia tano na kuzungumza Kiswahili chenye heshima, chenye pumzi ndefu, bila kujikwaa. Ziko risala mbili katika faili hili ambazo mwandishi angeweza kujivunia popote. Moja ni ya chama cha kufaana katika misiba. Inaeleza kwa sentensi chache jinsi wanachama walivyosafiri na mwili wa mwenzao usiku kucha hadi kwao, nani alitangulia kumwarifu mama, na jinsi fedha zilivyopungua wakiwa njiani na dereva akakubali kudai baadaye. Haiombi chochote. Imeandikwa kwa sababu jambo lilitendeka na lilihitaji kusemwa. Tunashuku kwamba mgeni rasmi wa siku ile hakujua la kujibu.

Adabu basi si kosa la risala. Kasoro yake ni kwamba imekuwa ndiyo mwisho wa mwaka wa chama, na kwa hiyo imekuwa ndiyo shabaha ya mwaka. Chama kinachojua kwamba kitapimwa siku moja tu, mbele ya mgeni, kwa dakika kumi, kitaishi kwa ajili ya dakika hizo.

Tulitoka kwenye risala tukaingia katika daftari za mihtasari, kutafuta midahalo yenyewe. Hoja zake wasomaji wetu wazijua, maana wengi wetu tumezitetea tukiwa shuleni: elimu ni bora kuliko mali, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Ni hoja nzuri za kunoa ulimi. Lakini zina sifa moja ya pamoja, nayo ni kwamba matokeo yake hayamgusi mtu yeyote. Akishinda mtetezi wa kijiji, hakuna atakayehama mjini. Na kwa kuwa hazimgusi mtu, hakuna anayelazimika kwenda kutafuta habari kabla ya kusema. Methali mbili na kisa kimoja vyatosha. Mara chache sana tuliona katika mihtasari alama ya mtu aliyesoma kitu kwa ajili ya mdahalo.

Sisi Walutheri tungepaswa kulishangaa jambo hili kuliko wengine. Chuo cha Wittenberg kilianzishwa mwaka 1502 katika mji mdogo ambao wasomi wa miji mikubwa waliubeza. Tarehe 4 Septemba 1517, karibu miezi miwili kabla ya zile hoja 95 kujulikana, mwanafunzi aitwaye Franz Günther alisimama pale kutetea hoja 97 ambazo mwalimu wake Martin Luther alikuwa ameziandika dhidi ya teolojia ya kiskolastiki iliyotawala vyuo vyote vya wakati ule. Lilikuwa zoezi la kawaida la chuo, sharti la mwanafunzi kupata shahada yake. Lakini hoja zenyewe zilikuwa na meno. Aliyezitetea alijua kwamba akiwa sahihi, basi vitabu vilivyosomeshwa katika chumba cha pili vilikuwa na makosa. Nazo zile 95 za mwezi Oktoba ziliandikwa kwa mtindo uleule wa mdahalo wa chuo. Matengenezo ya Kanisa tunayoyaadhimisha kila mwaka kwa maandamano na fulana yalianza kama karatasi za chama cha taaluma, tukiruhusiwa kusema hivyo.

Na kabla ya Wittenberg ilikuwako Yerusalemu. Mkutano wa Matendo 15 ulikuwa na mabishano makali, Maandiko yanakiri hivyo bila haya, na mwisho wake ulitoka waraka mfupi wenye mambo manne ya kujiepusha nayo. Waraka ule haukumwomba mtu kitu.

Labda itasemwa kwamba mifano hii ni ya mbali. Tuje nyumbani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa vyuo mjini Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao katika kipindi cha utumishi. Mbele ya Rais Nyerere walisoma tamko. Nalo tamko lile, kwa utanzu, lilikuwa risala: limeandikwa kwa niaba ya wengi, limesomwa kwa sauti mbele ya mkubwa, na kiini chake ni dai. Matokeo yake ni maarufu. Rais alikasirika, karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao, naye akapunguza mshahara wake mwenyewe pamoja na wa wakubwa wa Serikali. Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba ukali peke yake hauitoi risala katika udogo wake. Wanafunzi wale walikuwa na ujasiri ambao wetu hawana, hilo halikanushiki, lakini somo lao lilikuwa ni wao wenyewe na posho zao. Wetu huomba kwa upole, wao walidai kwa ukali. Kwa vyote viwili mwandishi amejitazama mwenyewe tu.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 1969, katika chuo kilekile cha Dar es Salaam lilitoka jarida la wanafunzi liitwalo Cheche. Lilitolewa na USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika kilichoundwa mwaka 1967, ambacho mwenyekiti wake wa mwanzo alikuwa Yoweri Museveni, pamoja na tawi la chuoni la Umoja wa Vijana wa TANU. Halikuwa na fedha. Lilipigwa kwa stensili. Mwezi Septemba 1970 toleo zima la pekee lilitolewa kwa makala moja ndefu ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, makala ambayo wasomi wanaijadili hadi leo. Novemba mwaka huohuo Serikali ililipiga marufuku jarida hilo na chama chake. Karim Hirji, aliyekuwa mmoja wa wahariri, amekusanya kumbukumbu za wenzake katika kitabu kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2011, na tunawasihi walezi wa vyama wakisome, hata wasiokubaliana na siasa yake, ambao sisi tumo.

Hatulisifu Cheche kwa kila kitu. Jina lilikuwa la Kiswahili, lakini makala zake karibu zote ziliandikwa kwa Kiingereza, hata mkulima wa Iramba ambaye habari zake zilijadiliwa humo asingeweza kuzisoma. Lilikuwa na hukumu za haraka, kama vijana walivyo. Hata hivyo vijana waliolitengeneza walikuwa wameacha kujiuliza chuo kitawapa nini. Walijiuliza nchi yao ikoje, wakaenda kutafuta takwimu, wakaandika, wakapingana wao kwa wao katika kurasa zilezile. Chama chao kiliishi miaka mitatu, jarida mwaka mmoja. Vyama kumi na kimoja vya chuo chetu vinaishi miaka mingi zaidi, na faili lao linatosha kwa siku mbili za kusoma.

Wapo watakaotujibu kwamba Dar es Salaam ni Dar es Salaam, na kwamba siasa si kazi ya chuo cha Kanisa. Haya, twende Makumira. Chuo cha Teolojia cha Makumira, kabla hakijawa chuo kikuu, kilikuwa chuo kidogo chenyewe. Miongoni mwa walimu wake alikuwako Howard Olson, mmisionari wa Augustana ambaye kazi yake ilianzia huku kwetu Tanzania ya kati, na ambaye aliandika uchunguzi wa kitaalamu juu ya sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Aliwahimiza wanafunzi waandike maneno ya sifa kwa tuni za makwao, na matunda yake yakakusanywa katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Mwaka 1966, mwaka uleule wa maandamano ya Dar es Salaam, mwanafunzi Bernard Kyamanywa aliandika Mfurahini, Haleluya kwa tuni ya Kihaya. Wimbo huo unaimbwa Pasaka katika lugha nyingi. Wajerumani wanao katika kitabu chao cha nyimbo cha Kiinjili, namba 116. Wale waliotuletea vitabu vya nyimbo wamepokea kutoka kwa mwanafunzi wa kwetu.

Kwa nini kwaya huacha kazi, na chama cha taaluma huacha risala? Tumelitafakari swali hili, na jibu letu ni la kawaida mno. Kwaya ina Jumapili. Kila wiki lazima wimbo uwe umekwisha, uimbwe mbele ya watu ambao hawakuja kuombwa kitu, na waumini wataonyesha kwa nyuso zao kama umewafikia. Chama cha taaluma hakina Jumapili yake. Kina mahafali.

Si kwamba kwaya zetu za leo zimesalimika. Moja ya zile mbili za chuo imeingia katika mbio za kurekodi, na mihtasari yake ya miezi minane haitaji wimbo hata mmoja kwa jina, ila mazungumzo ya fedha za studio na rangi ya vitambaa. Lakini hilo ni somo la makala nyingine.

Kuhusu vikundi vya kidini tutasema machache. UKWATA, chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, imewalea vijana wengi wa shule na vyuo. Wakatoliki wana TYCS, Wapentekoste wana CASFETA, na viko vingine. Katika Chuo cha Ualimu Kinampanda, kilichoanzishwa na misheni ya Augustana na ambacho leo ni cha Serikali, au katika chuo kingine chochote cha mkoa huu, vijana hupata nyumba katika vikundi hivyo wanapokuwa mbali na wazazi. Tunasikitika tu kwamba vikundi viwili vya Kikristo vinaweza kuishi miaka mitatu katika bweni moja, vikiombeana mabaya kwa maneno mazuri, bila hata jioni moja ya kuketi na kuulizana kwa Biblia iliyo wazi juu ya ubatizo. Hapo ndipo mdahalo wenye meno ungefaa.

Sasa tufike mahali ambapo makala hii inatuchoma wenyewe. Mihtasari inaonyesha kwamba wanafunzi si wavivu wa kufikiri. Katika daftari la pili kuna hoja iliyopendekezwa na mjumbe mmoja: kwamba michango ya ujenzi wa makanisa inawalemea maskini wa sharika zetu. Pembeni pana mstari wa wino mwekundu umeikata, na juu yake imeandikwa hoja nyingine, kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa Taifa. Mwandiko ule mwekundu ni wetu. Tulikuwa walezi wa chama kile kwa miaka miwili, na siku ile mkuu wa jimbo alikuwa mgeni. Tulijiambia kwamba tunawalinda vijana. Tukisoma leo tunaona kwamba tulijilinda sisi, na kwamba mjumbe yule, ambaye sasa ni mchungaji mwenye mitaa minne, amelazimika kulijibu swali lake peke yake, katika vikao vya wazee, bila kuwahi kulipima mbele ya wenzake mahali ambapo kukosea hakungemvunjia mtu heshima. Mtume anaagiza katika 1 Wakorintho 14:29 kwamba manabii wanenapo wengine wapambanue. Sisi tuliwanyima vijana zoezi la kupambanua, kisha tunalalamika kwamba wachungaji wapya hawajui kuongoza kikao chenye ugomvi.

Basi wino mwekundu nao ni sehemu ya fasihi hii. Hatuwezi kuhakiki risala ya mwanafunzi bila kumhakiki mlezi anayeipitia kabla haijasomwa, na mgeni anayeisikiliza huku bahasha ikiwa mfukoni. Watu watatu wanaiandika risala moja.

Yabaki mahali penyewe. Singida si chuo tu. Ni nchi yenye watu na habari. Chama cha historia, katika risala zake tatu, kimeomba basi la kwenda Bagamoyo. Ni safari njema. Lakini katika daftari zote hatukukuta mstari hata mmoja juu ya Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye masimulizi yanasema aliwatuma nyuki dhidi yao. Uwanja wa mpira wa mjini Singida unaitwa kwa jina lake. Wanafunzi wameshangilia magoli pale. Wazee wanaoyajua masimulizi hayo wanafikika kwa baiskeli. Vivyo hivyo habari za sharika: nani alibatizwa kwanza, nani alikatalia, mawe ya kanisa yalibebwa na kina nani. Hayo hayahitaji mgeni rasmi wala vitendea kazi, ila daftari, kalamu, na adabu ya kusikiliza ambayo vijana wetu wanayo tele.

Tunasema hayahitaji vitendea kazi kwa sababu ya muhtasari mmoja ambao tumeuacha hadi sasa. Mwanafunzi mmoja kutoka upande wa Mkalama alileta hoja kwamba chama cha historia kikusanye nyimbo za bibi zetu, za mavuno, za harusi na za kubembeleza watoto, kabla hawajafa, na kwamba kwaya ione kama baadhi ya tuni zaweza kubeba maneno ya ibada. Wajumbe kumi na wanne walihudhuria, akidi ilitimia. Uamuzi umeandikwa kwa ufasaha: hoja iahirishwe hadi chama kitakapopata kinasa sauti. Risala ya mwaka ule ikaomba kinasa sauti. Mgeni akaahidi. Risala ya mwaka uliofuata ikamkumbusha, kwa mgeni mwingine.

Mwanafunzi yule hakungoja. Wakati wa likizo alikwenda kwa bibi yake mzaa mama na simu ya mkononi ya kaka yake, ambayo ilinasa sauti bila shida. Alirudi na nyimbo saba. Alipojaribu kuziandika aligundua kwamba irabu tano za Kiswahili hazimtoshi kwa lugha ya kwao, akatuuliza, nasi tukamwonyesha jinsi Olson alivyoziandika irabu saba za Kirimi, lugha ya jirani, ili aone njia. Anaendelea polepole. Wimbo wa nne, ambao huimbwa na wanawake wakipura mtama usiku, bibi aliuanza vizuri akanyamaza katikati. Beti za mwisho alizijua mke mwenzake, aliyezikwa masika yaliyopita. Katika daftari, chini ya maneno aliyoyapata, mwanafunzi ameacha mistari minne mitupu.